Kuchagua Chujio la Oili la Pikipiki

Mwendesha bodaboda anapokwenda kubadilisha oili, kwa kawaida huuliza mambo mawili: oili ni ya aina gani, na bei yake ni kiasi gani. Chujio, ambalo mafundi wengi huliita filta, hufikiriwa mwishoni, na mara nyingi hupimwa kwa kipimo kimoja tu: je, linaingia? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Machujio mawili yanaweza kulingana kwa kimo, kwa rangi na kwa mikato ya kufungia, lakini moja likailinda injini na jingine likaiharibu. Tofauti zake zimo ndani, na ili kuzielewa hatuna budi kurejea kwenye fizikia ya shule ya sekondari.

Oili na maadui zake

Pikipiki ndogo ya silinda moja hubeba oili ipatayo lita moja tu. Injini yake ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 100 kwa sekunde, au 360,000 kwa saa. Katika muda wote huo, vyuma vinavyosuguana hutenganishwa na utando wa oili ambao mahali pengine unene wake ni mikrometa chache tu. Mikrometa ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikrometa zipatazo 70. Chembe ngumu iliyo nene kuliko utando huo hugusa vyuma vyote viwili kwa pamoja na kuvikwaruza. Kila mkwaruzo hutoa chembe mpya, nazo chembe hizo huenda kukwaruza mahali pengine. Kwa njia hii uchakavu huzaa uchakavu.

Pikipiki inayo shida ya ziada. Katika magari mengi, gia zina oili yake zenyewe. Katika pikipiki nyingi za mipigo minne, oili ileile hulainisha pistoni, gia na klachi. Kwa hiyo hubeba masizi ya mwako, unga wa chuma kutoka kwenye meno ya gia na nyuzinyuzi za sahani za klachi. Chujio la hewa likiwa limechanika, huongezeka vumbi la barabarani, ambalo lina chembe za mchanga ngumu kuliko vyuma vingi vya injini.

Aina tatu za machujio

Kabla ya kununua chochote, ni lazima kujua pikipiki yako ina chujio la namna gani. Zile za mipigo miwili hazina, kwa kuwa oili yake huungua pamoja na petroli.

Aina ya kwanza ni wavu wa waya, ambao huzuia vipande vikubwa visiingie kwenye pampu. Wavu huoshwa na kurudishwa.

Aina ya pili hutumia mzunguko. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, haina chujio la karatasi. Ina wavu pamoja na kikombe kinachozunguka na mhimili mkuu wa injini. Chembe nzito hutupwa pembeni na kuganda kwenye ukuta wa kikombe. Mwanafunzi anaweza kukokotoa nguvu ya jambo hili. Kikombe chenye nusu kipenyo cha sentimita 4, kikizunguka mara 100 kwa sekunde, hutoa mchapuko wa karibu mita 15,800 kwa sekunde kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 1,600 ya ule wa mvutano wa dunia. Mwenye pikipiki ya namna hii hana karatasi ya kununua. Wajibu wake ni kufungua kikombe na kukisafisha kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza.

Aina ya tatu ni chujio la karatasi. Hili ndilo linalohitaji kuchaguliwa.

Ndani ya chujio la karatasi

Karatasi hukunjwa ili eneo liwe kubwa. Tuchukue mfano wa chujio lenye kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 4. Karatasi iliyonyooka ingekuwa na eneo la sentimita za mraba 63 tu. Tukiikunja mikunjo 60 yenye kina cha sentimita moja, tunapata 60 × 2 × 1 × 4, yaani sentimita za mraba 480. Chujio la hovyo lenye mikunjo michache huziba mapema, ingawa kwa nje halina kasoro.

Ubora wa karatasi hupimwa kwa uwiano. Tuseme chembe 10,000 za mikrometa 20 zinafika kwenye chujio, na 500 zinapenya. Uwiano ni 20, na chujio limekamata asilimia 95. Zikipenya 5,000, uwiano ni 2, na limekamata nusu tu. Hivyo tangazo lisemalo chujio “linakamata chembe za mikrometa 20” halina maana mpaka lieleze ni kwa kiasi gani.

Je, si bora basi kununua lenye matundu madogo kuliko yote? La. Matundu yakiwa madogo mno, oili hupita kwa taabu, hasa asubuhi ingali nzito. Kwa sababu hii huwekwa vali ya dharura: tofauti ya kanieneo kati ya pande mbili za karatasi ikizidi kiasi kilichopangwa, vali hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Lakini katika injini nyingine vali hiyo imo ndani ya injini, na katika nyingine imo ndani ya chujio. Tena, kiwango cha kufunguka hutofautiana. Hapa ndipo hatari ya chujio “linaloingia” ilipo. Mikato ya kufungia yenye kipenyo cha milimita 20 na hatua ya milimita 1.5 hutumika na watengenezaji wengi, hata kwenye magari. Chujio lisilo na vali likifungwa kwenye injini inayoitegemea, siku litakapoziba injini itakosa oili.

Mashauri kwa mnunuzi

Nunua kwa namba iliyo katika kitabu cha pikipiki, au namba mbadala ambayo mtengenezaji wa chujio ameitaja kwa aina na mwaka wa pikipiki yako. Kagua kama karatasi imegundishwa vizuri mwisho hadi mwisho, na kama mpira ni laini usio na nyufa. Wakati wa kufunga, hakikisha mpira wa zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, na upake mpira mpya oili kidogo. Baadhi ya machujio yana upande mmoja uliozibwa. Yakigeuzwa huzuia oili, kwa hiyo fuata alama zake. Usioshe karatasi kwa petroli ili kuitumia tena: inaweza kuchanika, na uchafu uliojificha ndani yake hautoki wote.

Tena, chujio halirudishii oili ujana wake. Petroli, maji na asidi zilizochanganyika nayo hupita kwenye karatasi bila kizuizi. Chujio jipya halimwondolei mtu wajibu wa kumwaga oili iliyochoka.

Kwa walimu

Ombeni kwa fundi chujio lililotumika. Vaeni glavu, kwani oili chakavu ina kemikali zinazoweza kudhuru ngozi na hata kusababisha kansa. Kateni karatasi, ikamueni, kisha mwitandaze juani. Pitisheni sumaku iliyofungwa kwenye plastiki nyembamba. Chembe zitakazonaswa zina chuma, huenda zimetoka kwenye gia. Zinazong'aa bila kunaswa huenda ni alumini ya pistoni au ya mwili wa injini. Oili inayobaki isimwagwe ardhini wala mtoni. Irudisheni kwa fundi anayeikusanya. Wanafunzi waandike walichokiona, kisha wajadili ni sehemu gani ya injini hiyo iliyokuwa ikichakaa.