Uchovu wa Metali (Sehemu ya Pili): Ngozi Iliyobanwa Haipasuki Upesi

Juma lililopita tuliona kuwa mzigo usioweza kuvunja metali mara moja huivunja ukirudiwa maelfu ya mara, na kwamba aghalabu ufa huanzia kwenye ngozi yake. Leo tutazame tiba ya ngozi hiyo katika bati la tabaka.

Mfano maarufu ni GLARE, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, na kutumika sehemu ya juu ya bodi ya Airbus A380, ndege iliyoruka mara ya kwanza tarehe 27 Aprili 2005. Karatasi za alumini zenye unene wa milimita 0.3 hadi 0.5 hupangwa kama tabaka za chapati, na katikati huwekwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi. Alumini ikipata ufa, nyuzi hizo huushika usipanuke.

Kasoro huzaliwa jikoni. Gundi huivishwa kwenye joto la sentigredi 120 hivi. Bati likipoa, alumini hutaka kusinyaa kuliko nyuzi, nazo huikatalia. Hubaki imevutika hata ndege ikiwa imeegeshwa, hivyo ufa huwahi kuanza, ingawa hukua polepole.

Dawa ya kwanza ni kulivuta bati zima mpaka alumini irefuke kwa kudumu. Likiachiwa, nyuzi hurudi na kuibana alumini: mvuto umegeuka mkandamizo.

Dawa ya pili ni kuipiga ngozi kwa gololi ndogo sana za chuma, kioo au kauri. Kila gololi huacha kishimo; ngozi hutaka kutanuka, metali ya chini huizuia, nayo hubaki imebanwa. Mzigo sharti uushinde kwanza mbano huo ndipo ufa ufunguke. Springi za malori nazo hupigwa hivyo kiwandani.

Lakini bati la tabaka si springi. Gololi zikizidi nguvu, tabaka hubanduka na ngozi huparuzika, na kila mparuzo ni mlango wa ufa mpya. Tena kipigo huishia tabaka la nje. Za ndani hazinufaiki. Kwa bati zima, basi, kuvuta ndiko bora. Gololi zibaki kwa ngozi ya nje, kwa kipimo.

Juma lijalo: matundu ya ribiti.