Harusi ya Wenyewe Wawili

Watu wa Hewani hawahitaji semina ya kuwafundisha mpango ni nini. Kijiji chao cha Wapokomo kiko kando ya Mto Tana, karibu na Garsen, katika delta ambayo imechorewa ramani na wageni kwa miongo mingi. TARDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza bonde la mto huu iliyoundwa mwaka 1974, ilileta mradi mkubwa wa mpunga pande hizi, wenye mifereji, mashine na matuta ya kuzuia maji. Zikaja mvua za El Niño za 1997. Mto ukavunja matuta, mashamba yakazama, na kwa miaka mingi iliyofuata wanakijiji walibaki kutazama vyuma vikiota kutu. Ramani ilikuwa nzuri. Kasoro yake ni kwamba mto haukuwa mjumbe wa kamati.

Nautaja mradi ule kwa sababu harusi ya siku hizi nayo ni mradi. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ina bajeti, kikundi cha WhatsApp, namba ya kutumia mchango, na ratiba iliyochapwa yenye saa na dakika. Harusi inapokutanisha mila mbili, kamati huamini kwamba kazi yake ni kugawa muda: kidogo kwa hawa, kidogo kwa wale, kisha keki. Hapo ndipo mradi unapoanza kuingia maji.

Ndoa za watu wa asili tofauti si jambo geni Tana. Wakulima wa Kipokomo, wafugaji wa Kiorma na Kiwardei, Wagiriama waliohamia kutoka kusini na Waswahili wa Kipini wamekuwa wakiozana tangu kabla ya kamati. Hata hadithi kongwe ya pwani hii, ile ya shujaa Fumo Liyongo, ina harusi ya namna hiyo ndani yake. Katika utenzi alioutunga Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, wafugaji wa Kioromo, ambao zamani wakiitwa Wagala, wanastaajabia nguvu za Liyongo na kumtaka aoe kwao ili wapate mbegu yake. Liyongo anaoa, mtoto wa kiume anazaliwa, shabaha ya mradi inatimia. Lakini hakuna aliyepanga mtoto yule atakuwa wa nani. Mfalme wa Pate anamrubuni kijana kwa ahadi ya kumwoza binti yake, naye anamuua baba yake kwa sindano ya shaba. Waliopanga ndoa walikuwa wamepanga uzazi, wakasahau undugu.

Tuchukue mfano wa leo. Binti wa Hewani, wa familia ya Kikristo, amechumbiwa na kijana wa Kiorma wa Garsen, Mwislamu. Kwenye kikundi cha WhatsApp watu huandika "mila mbili", lakini ukizihesabu vizuri zinazidi. Upo Upokomo na upo Uorma. Lipo kanisa, lililoanza kuota mizizi huku tangu wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walipofika Ngao katika miaka ya 1880. Upo Uislamu, ambao ni dini ya Waorma na pia ya Wapokomo wengi wa juu ya mto. Halafu ipo harusi ya mjini yenye suti za rangi moja, wapambe na mshereheshaji, ambayo haina kabila wala dini lakini ndiyo inayokula nusu ya bajeti.

Anza na mahari. Kwenye bajeti ni mstari mmoja. Kwenye jamvi la wazee ni mambo mawili yasiyofanana. Katika Uislamu, mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Anapewa yeye, na hakuna wa kumnyang'anya. Katika mila za wakulima na za wafugaji, mali huenda kwa wazazi na wajomba, na ndiyo inayofunga koo mbili. Kamati ikiandika tarakimu moja tu, siku ya kukabidhi watatokea watu wawili wenye haki ya kuuliza: yangu iko wapi?

Na tuseme sehemu ya mali hiyo ni ng'ombe, kama inavyotarajiwa kwa wafugaji. Mwenyekiti wa kamati aliyeko Mombasa ataona jambo zuri la kupiga picha. Mzee wa Hewani ataona kitu kingine. Kijiji chake ni cha mashamba: mpunga, mahindi, ndizi, na miembe kwenye ukingo. Mabishano makubwa ya delta hii ni hayo hayo, ng'ombe ndani ya shamba na shamba ndani ya malka, zile njia za mifugo kushukia mtoni kunywa maji. Kwa hiyo mkwe anapoleta ng'ombe watano, hakuleta zawadi tu, ameleta na swali. Mzee wa upande wa binti atalitoa kwa adabu: "Mzee mwenzangu, ng'ombe tumewapokea na tumeshukuru. Sasa malisho yao tuzungumze, maana huku kwetu mpunga uko njiani." Mwenzake, kama ni mtu wa busara, atajibu: "Hao ni wenu, mzee. Lakini wacha wachungwe kwetu na wetu, na wakizaa tutawaita mje mhesabu." Maneno mawili hayo yana kazi kubwa kuliko ratiba nzima. Yamewapa watu wa Hewani mali bila kuharibu shamba la mtu, na yamewapa sababu ya kwenda kwa wakwe zao mwaka baada ya mwaka. Lakini hayasemwi na mwenyekiti wala mweka hazina. Yanasemwa na wazee wenye uzoefu wa gasa, baraza la Wapokomo, na wa matadeda, baraza la Waorma. Wasipoitwa mapema, ng'ombe watafika kabla ya mazungumzo.

Pili, baba wa binti. Ikiwa bibi harusi ameamua kusilimu, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani, baba asiye Mwislamu hawezi kuwa walii wake katika nikahi. Kadhi ndiye humwozesha. Hilo kila shehe analijua. Baba hulijua lini? Mara nyingi asubuhi ile ile, akiwa amevaa kanzu aliyonunuliwa na mkwewe, ameketi mstari wa mbele akingoja aitwe. Amechanga, amekopa, amekaa vikao tangu mwanzo, kisha anaona mtu mwingine akimtoa mwanawe. Sheria ya dini haibadilishwi na kamati, lakini heshima ya mtu inaweza kupangwa. Zipo familia zinazoanza na shughuli nyumbani kwa binti, kwa taratibu za Kipokomo, ambapo baba na wajomba ndio wanaosema neno la kumtoa binti yao, na nikahi ikafuata baadaye. Baba anayeanza hivyo huketi kwenye nikahi kama mzazi aliyekwisha kutimiza wajibu wake.

Jikoni ndiko mradi hufaulu karibu kila mara, na inafaa kuuliza kwa nini. Ng'ombe au mbuzi huchinjwa na Mwislamu, hata kama mwenye nyumba ni mzee wa kanisa, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Sufuria huazimwa kwa majirani waliozoea kupikia hadhara. Mchele ni wa delta, samli imetoka kwa wafugaji. Mama mmoja anajulikana kuwa ndiye mwenye mwiko. Wengine wote, Mpokomo kwa Muorma, humenya vitunguu na kungoja aseme moto upunguzwe. Hakuna kikao kilichoandika hayo. Ila kila jambo lina mwenyewe: kisu kina mwenyewe, mwiko una mwenyewe, na anayekuja kuuliza chumvi anajua amuulize nani.

Sasa linganisha na ngoma. Kwenye ratiba huandikwa "Ngoma za kitamaduni, dakika 15". Za nani? Zichezwe na nani? Kamati hukodi kikundi, nao wazee wanaozijua nyimbo za kumsindikiza binti hubaki chini ya mwembe na leso zao, hawakuulizwa. Kwaya ikirefusha, au msafara ukichelewa, dakika 15 ndizo za kwanza kufutwa, na hakuna anayelalamika kwa sauti kwa sababu hazikuwa mali ya mtu. Wapokomo wana ushahidi mkubwa wa jinsi ya kufanya vizuri zaidi. Tume iliyotayarisha Wimbo wa Taifa wa Kenya mwaka 1963 ilichukua muziki wa wimbo wao wa kubembelezea watoto, ikauvika maneno mapya ya Kiswahili na Kiingereza. Wimbo ule ulipewa kazi, haukupewa dakika. Ndiyo maana taifa zima linasimama ukipigwa.

Serikali nayo ina ratiba yake. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Hakuna ya sita ya mchanganyiko. Ndoa ya Kiislamu ni kwa wanaoikiri dini hiyo, kwa hiyo wawili ambao kila mmoja amebaki na dini yake huelekezwa kwenye ndoa ya kiserikali, ambayo hutaka ilani isiyopungua siku 21. Wanaofunga kwa mila wanatakiwa kumjulisha msajili ndani ya miezi 3 baada ya taratibu kukamilika. Tofauti si ya karatasi tu. Ndoa ya Kikristo na ya kiserikali ni ya mke mmoja. Ya kimila na ya Kiislamu huchukuliwa kuwa inaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja. Bibi harusi aliyepitia shughuli mbili kwa wiki moja ana haki ya kujua ameolewa kwa ipi. Ni nadra kuiona kazi hiyo kwenye orodha ya kamati, kwa kuwa kamati huvunjwa siku vyombo vinaporudishwa.

Kuna jambo ambalo delta hii haiwezi kulikwepa. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa, na katika miezi iliyofuata vijiji vya Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao vikafuatia. Zaidi ya watu 100 waliuawa, Wapokomo na Waorma. Mwenye kovu usidhani kapoa. Baada ya hapo ilikuja mikutano mingi ya amani, yenye mahema, fulana na hotuba, na ni rahisi kusema kwamba ndoa za mseto ndizo amani yenyewe. Sikubaliani. Watu walikuwa wakioana kabla ya 2012 pia, na ndoa hizo hazikuzuia damu. Ndoa huziba ufa pale tu koo zote mbili zina kazi ndani yake inayoendelea: wakwe wenye ng'ombe wa kuhesabu pamoja, wajomba wanaoulizwa mtoto asome wapi, bibi anayetarajiwa afike uzazi ukitokea. Harusi iliyoendeshwa na kamati peke yake huacha mume na mke katikati ya koo zisizodaiana chochote, na siku ya vurugu kila ukoo humwona aliyeoa au kuolewa kule kuwa ni wa upande wa pili.

Kwa hiyo ningeishauri kamati yoyote ya Garsen au Hewani iache saa na dakika kwanza, iandike majina. Mbele ya kila shughuli liwekwe jina la mtu mmoja wa kuulizwa: nani anapokea mahari ya binti, na nani ya wazazi, ng'ombe watachungwa na nani hadi mavuno, baba atasema neno lake lini, wimbo utaanzwa na bibi gani, nani ataenda kwa msajili kabla ya miezi 3 kwisha. Shughuli itakayokosa jina iondolewe, hata ikiwa inapendeza kwenye picha. Ratiba itakuwa fupi, na pengine itavurugwa na mvua, kwa kuwa barabara za delta hukatika mto ukifurika. Lakini harusi yenye majina inaweza kuahirishwa wiki mbili ikabaki harusi ile ile, maana wenyewe wako palepale, na kila mmoja anajua la kwake.