Jina la mvinyo ni dhamana

Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji kinachotokana na zabibu zilizochachuka. La kwanza ni mvinyo, ambalo asili yake ni Kireno. La pili ni divai, lililotujia kutoka Kifaransa. Waitaliano hawakutuachia neno katika jambo hili, ingawa nchi yao ni miongoni mwa zile zitengenezazo mvinyo mwingi zaidi duniani, na ingawa wengi wao wamekuwa na maskani na hoteli kule Malindi kwa miongo mingi. Walichotuletea ni chupa zenye majina ambayo vijana wetu wanaohudumu mezani hulazimika kuyatamka: Barolo, Chianti, Soave, Marsala. Aghalabu majina hayo hukaririwa tu, kama mwanafunzi akaririvyo miji mikuu ya nchi asizozijua. Nia yangu leo ni kuyafafanua, maadamu ndani yake mna jiografia, kemia na historia, na pia mna suala la uhai na mauti.

Kabla sijaendelea, ningependa nieleweke. Simwiti mtu yeyote anywe. Sheria yetu ya mwaka 2010 ilikataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuuziwa pombe, nami naiunga mkono kwa dhati. Fauka ya hayo, wapo wengi miongoni mwetu ambao dini yao imewaharamishia kileo, na msimamo wao wastahili heshima. Lakini kujua si kunywa. Mwalimu wa kemia hufundisha habari za sumu bila kuionja, na wanafunzi wake huwa salama zaidi kwa kuzijua.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba mara nyingi Mwitaliano huuita mvinyo kwa jina la mahali ulikotoka. Barolo ni kijiji katika jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi mwa nchi. Chianti ni eneo la vilima lililo kati ya miji ya Firenze na Siena, jimboni Toscana. Soave ni mji mdogo usio mbali na Verona. Marsala ni bandari iliyo magharibi mwa kisiwa cha Sicilia, ambako mnamo mwaka 1773 mfanyabiashara Mwingereza, John Woodhouse, aliuongezea mvinyo wa pale kileo kikali ili usiharibike baharini, kisha akausafirisha hadi Uingereza. Italia ina majimbo 20, na hakuna hata moja lisilotengeneza mvinyo.

Kwa nini mahali kupewe uzito kiasi hicho? Ni kwa sababu mzabibu huitika udongo, mwinuko, jua na ukungu. Zabibu za Barolo huitwa Nebbiolo, jina ambalo wengi hulihusisha na neno la Kiitaliano la ukungu, kwa kuwa huchelewa kuiva na huvunwa majira ambayo ukungu hutanda vilimani. Chianti hutokana hasa na zabibu ziitwazo Sangiovese. Anayesoma jina la mahali, basi, akiwa amefundishwa, husoma pia aina ya zabibu, hali ya hewa na ladha atakayoikuta.

Na hapo ndipo chakula kinapoingia. Mpishi wa kijiji cha Kiitaliano hakuhitaji kitabu kumwambia mvinyo upi uandamane na mlo upi. Alitumia ule wa kwao kwa chakula cha kwao. Hata hivyo, mazoea hayo yana sababu zake, nazo twaweza kuzieleza kwa maneno matatu ambayo Kiswahili kinayo tayari: ukakasi, uchachu na utamu.

Ukakasi ni ile hali ya ulimi kukauka unapouma ndizi mbichi au kunywa chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi. Katika mvinyo mwekundu, ukakasi huletwa na tanini itokayo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini hushikamana na protini za mate, ndipo kinywa kikakauka. Ukiipatia protini na mafuta ya nyama, ukakasi wake hupungua, kama vile maziwa yapunguzavyo ukali wa chai. Ndiyo maana watu wa Piemonte huandamanisha Barolo, ambao una ukakasi mwingi, na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya mvinyo huo huo, nao watu wa Firenze hunywa Chianti pamoja na pande nene la nyama ya ng'ombe iliyochomwa kwa makaa. Ukiuweka mvinyo wa namna hiyo kando ya samaki, huenda ukaacha kinywani ladha kama ya chuma.

Kuhusu uchachu, sisi wenyewe ni wajuzi. Hatukamui ndimu juu ya samaki wa kukaanga kwa mapambo, wala hatuandamanishi nyama choma na kachumbari kwa bahati tu. Uchachu hukata mafuta na kuuamsha ulimi. Mvinyo mweupe wa Soave, au ule uitwao Vermentino wa kisiwa cha Sardinia, hufanya kazi ya ndimu penye samaki na viumbe wengine wa baharini. Katika jimbo la Emilia-Romagna, ambako nyama ya nguruwe yenye mafuta na jibini ni vyakula vya jadi, kuna mvinyo mwekundu wenye mapovu uitwao Lambrusco. Uchachu na mapovu yake hukisafisha kinywa baada ya kila tonge.

Ama utamu, kanuni yake ni nyepesi: mvinyo usizidiwe utamu na chakula. Keki huufanya mvinyo usio na sukari uonekane mchachu na mkali. Kwa sababu hiyo, Waitaliano huandamanisha vitamutamu na mvinyo kama Moscato d'Asti, ambao ni mtamu na ambao kileo chake ni kidogo, yapata asilimia 5.

Hata hivyo, tusidhani kwamba desturi hizi zote zimekuwako tangu enzi na dahari. Nyanya, ambayo leo ni nadra kuikosa katika mapishi ya Kiitaliano, ilitoka bara la Amerika na kufika Italia katika karne ya 16. Mlo wa tambi na mchuzi wa nyanya, ambao leo hupatana vyema na uchachu wa Chianti, ni mgeni ukilinganishwa na mizabibu ya Toscana. Desturi hutengenezwa, na kinachotengenezwa chaweza pia kuchezewa. Hili la kuchezewa ndilo lililonifanya niishike kalamu.

Tangu zamani palikuwa na walaghai walioyatumia majina mashuhuri kuuzia mvinyo duni. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III wa ukoo wa Medici, alitoa amri ya kuainisha mipaka ya Chianti na maeneo mengine matatu. Mwaka 1963 serikali ya Italia iliweka utaratibu wa taifa zima wa kulinda majina ya asili, ujulikanao kwa herufi DOC, na mwaka 1966 mvinyo mweupe wa mji wa San Gimignano ukawa wa kwanza kupewa hadhi hiyo. Kuanzia mwaka 1980 baadhi ya mivinyo ilipandishwa daraja na kuongezewa herufi G, yaani dhamana. Anayetumia jina lililolindwa hufungwa na masharti ya mahali, aina ya zabibu na kiasi cha mavuno.

Licha ya hayo yote, msiba ulitokea. Mnamo Machi 1986 ilibainika kwamba baadhi ya wafanyabiashara wa kaskazini mwa Italia walitia methanoli katika mvinyo wa bei rahisi ili kuongeza nguvu ya kileo. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Watu zaidi ya 20 walifariki, na wengine wakapofuka. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka huo kibaya kilijitembeza kwa jina la kizuri, na wakulima waaminifu wakakosa wateja ng'ambo kwa kosa ambalo hawakulitenda. Miaka sita baadaye, mwaka 1992, Italia ilipata sheria mpya ya majina ya mvinyo.

Je, sumu hiyo ni ngeni kwetu? La hasha! Mnamo Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa pombe haramu iliyokuwa na methanoli. Mei 2014 makumi ya watu walipoteza maisha katika kaunti kadhaa. Februari 2024 watu 17 walikufa kaunti ya Kirinyaga kwa pombe yenye sumu. Kila mara tumewasikia viongozi wakiwalaumu wanywaji kwa ulevi wao. Mimi naona lawama hiyo haitoshi. Kinywaji kisicho na jina wala mahali hakina wa kuulizwa. Na penye jina, lazima pawe na anayelikagua.

Sisemi kwamba sheria ya Italia haina kasoro. Mvinyo uitwao Sassicaia, ambao zabibu zake zilivunwa mara ya kwanza kwa ajili ya soko mwaka 1968, uliuzwa kwa miaka mingi katika daraja la chini kabisa kisheria, ilhali wajuzi waliuhesabu miongoni mwa mivinyo bora ya nchi, kwa sababu tu zabibu zake hazikuwa zile zilizotajwa katika kanuni. Haki ilitendeka mwaka 1994. Sheria inayolinda jina yaweza pia kumfungia mlango mwenye ubunifu. Lakini kasoro hiyo ilirekebishika kwa kalamu, ilhali waliokufa mwaka 1986 hawakurudi.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu wasiiogope mada hii. Tandazeni ramani ya Italia darasani, muwaonyeshe wanafunzi Barolo na Marsala, kisha mfungue somo la kemia kwenye ukurasa wa alkoholi na kuwafafanulia tofauti ya ethanoli na methanoli. Nanyi wanafunzi, zoeeni kuuliza maswali matatu juu ya kila kinachoingia kinywani, kiwe maji, maziwa au dawa: kimetoka wapi, nani amekitengeneza, na nani amemkagua? Jina ambalo haliwezi kujibu maswali hayo halijawa dhamana bado.