Kiti cha Ngozi Kikibonyea

Kiti cha ngozi cha baiskeli kikibonyea hadi mpandaji akaanza kuhisi chuma, wengi husema ngozi imekwisha, wakakitupa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Viti vya aina hii, ambavyo John Boultbee Brooks wa Birmingham, Uingereza, aliviombea hataza mwaka 1882, havina sponji wala ubao ndani. Ni ngozi nene ya ng'ombe, kama milimita 5, iliyowambwa baina ya bamba la nyuma na pua ya mbele na kushikwa kwa ribiti. Kwa hiyo ni sawa na kitanda cha kamba: kikilegea hukazwa. Ndiyo maana chini ya pua kuna bolti yenye nati. Kosa ni kuizungusha kwa hasira. Nusu mzunguko hutosha, kisha mtu akipande siku kadhaa ndipo apime tena, kwa kuwa mvuto wote huangukia ribiti chache za mbele, na ikikazwa kupita kiasi ngozi huchanika hapo hapo. Bolti ikifika mwisho, fundi viatu ana njia nyingine: hutoboa matundu kwenye kingo mbili zinazoning'inia na kuzifunga pamoja kwa kamba ngumu kupitia chini. Mbavu zikivutwa ndani, mgongo huinuka.

Ribiti nazo hukatika kabla ya ngozi, hasa za chuma zilizoliwa na kutu. Huondolewa kwa keekee, zikagongwa mpya za shaba nyekundu juu ya chuma kizito. Shaba ni laini, hutanuka bila kupasuka. Chuma cha chini kikivunjika kinaweza kuchomelewa, lakini ngozi ivuliwe kwanza, maana moto huikunjamanisha na hainyooki tena.

Wapo watakaosema kiti kipya cha sponji kinapatikana leo hii, tena kwa bei ndogo. Ni kweli, na mwendesha bodaboda ya baiskeli anayesubiriwa na abiria hana kosa akikinunua. Lakini sponji ikishabonyea haikazwi, na jalada likipasuka hunywa maji ya mvua. Wengine hudai mafuta peke yake yanatosha. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo viti vingi huuawa na wanaovipenda: mafuta mengi hulainisha ngozi ikazidi kuning'inia. Mafuta kidogo yaliyochanganywa na nta huzuia ukavu, hayarudishi mkazo. Na kiti kilicholowa kisikaliwe mpaka kikauke kivulini, mbali na jiko.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kukitengeneza kiti ni ya ngozi iliyochanika kwenye matundu ya ribiti. Gundi na kiraka havitafaa, kwa sababu uzito wote wa mwili huvuta hapo hapo. Fundi mwaminifu atakataa kazi hiyo, ila atabakiza chuma, maana kinaweza kuwambwa ngozi nyingine.