Bustani ya maua shuleni ni somo, si adhabu

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii sisi walimu huitumia kila tunapozungumzia nidhamu. Ni nadra kuisikia panapotajwa jembe, mbegu na maua. Hata hivyo, nikiulizwa ni wapi mtoto wa Kenya hukunjwa vibaya angali mbichi, nitajibu bila kusita: katika bustani ya maua iliyo mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Nina sababu ya kunena hivyo. Nilipokuwa katika darasa la sita, nilichelewa kufika shuleni asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Nikakabidhiwa jembe dogo na kuamriwa kuipalilia bustani hiyo hadi wakati wa mapumziko. Kwa kuwa nilitaka kurejea darasani upesi, niling'oa kila kilichokuwa cha kijani. Nilipomaliza, tuta lilikuwa safi kama sakafu iliyopigwa deki, nami nikasimama kando nikingoja sifa. Nilichopata ni adhabu ya pili, kwa maana pamoja na magugu nilikuwa nimeing'oa miche ya zinia iliyoota majuma matatu tu kabla ya siku hiyo. Hakuna aliyeniuliza swali ambalo hadi leo naliona kuwa ndilo lililokuwa la maana: je, ni lini nilionyeshwa mche wa zinia nikaujua?

Visa vya aina hii havijakoma. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, na ni vyema vikapigwa. Lakini jembe, panga na reki zimebakia kuwa fimbo za namna nyingine. Mwanafunzi akichelewa, huenda akapalilia; akipiga kelele, huenda akachota maji ya kunyweshea maua. Kisha twamshangaa kijana huyo huyo anapomaliza masomo na kuuchukia udongo kana kwamba umemkosea! Kwani udongo alijulishwa na nani, na kwa jina gani, kama si kwa jina la adhabu?

Yapo pia mazoea ya pili, nayo ni ya kununua miche iliyokwisha kuchanua siku chache kabla ya wageni kufika. Miche hiyo huteremshwa kutoka kwenye gari, hufukiwa upesi, husifiwa na mgeni wa heshima, na baada ya juma moja huwa imenyauka. Fedha zimetumika, picha zimepigwa, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza kitu.

Rai yangu kwa walimu na wanafunzi ni hii: bustani ya maua ya shule ipangwe na wanafunzi wenyewe, ianzie kwenye mbegu, na ipewe nafasi yake miongoni mwa masomo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unamtaka mwanafunzi atende ili ajue. Ni wapi pengine atakapotenda kwa gharama ndogo kuliko katika tuta la maua?

Mpango hutangulia jembe. Kwa kielelezo cha mpango, hatuna haja ya kwenda mbali, kwani kila mwanafunzi ameiona leso. Leso ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Aliyeibuni hakutawanya rangi ovyo; alijua ipi ibebe mji na ipi ishike pindo. Basi tuta letu na liwe leso iliyotandazwa juu ya ardhi, mahali panapopata jua kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku. Pindo liwe la maua mafupi, kama vile marigoldi fupi za rangi ya chungwa na manjano, ambazo kimo chake ni sentimita 20 hadi 30. Mji uwe wa zinia, zinazofika sentimita 60 hadi 90, na katikati kabisa zisimame kosmosi za waridi na nyeupe, ambazo huweza kupita mita moja. Alizeti, kwa kuwa hurefuka mno, zipewe mahali pake kando ya ua, zisije zikawanyima wenzake jua. Na jina la leso hii walitunge wanafunzi wenyewe, waliandike kwenye kibao na kukisimamisha mbele ya tuta. Mwalimu wa Kiswahili hapo atakuwa amepata kipindi kizima cha semi na methali.

Rangi nazo zina kanuni zake. Mwanakemia Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia rangi za kutilia nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zilikuwa hafifu. Alipochunguza, aligundua kuwa kasoro haikuwa katika nyuzi bali katika rangi zilizopakana nazo. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha katika kitabu mwaka wa 1839. Rangi, basi, hubadilishwa na jirani yake. Zambarau ikiwekwa kando ya manjano, zote mbili hung'aa zaidi. Nyekundu ikipakana na majani ya kijani, huwaka kama kaa la moto. Nyeupe hupumzisha macho na kuzipatanisha rangi zinazogombana. Kwa hivyo, kabla ya kugusa udongo, mwalimu wa Sanaa awape wanafunzi karatasi na kalamu za rangi, kila kundi lichore leso lake, kisha darasa lichague.

Mwalimu wa Hisabati naye asikae kando. Tuseme tuta lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.2, upana unaomwezesha mtoto kufikia katikati kutoka upande wowote bila kukanyaga udongo. Mstari wa marigoldi utachorwa sentimita 15 kutoka ukingoni, na kila mche utaachana na mwenziwe kwa sentimita 20. Je, itahitajika miche mingapi? Mwanafunzi mwepesi wa kujibu atapima ukingo wa nje, apate mita 10.4, aseme miche 52. Aliyetafakari atapima mstari wenyewe, ambao ni mita 9.2, na kusema miche 46. Hesabu hiyo haisahauliki, kwa sababu aliyekosea atabaki na miche 6 mkononi isiyokuwa na makao.

Halafu kuna mbegu yenyewe. Si kila mbegu huota. Chukua mbegu 10, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu, uziweke mahali penye joto la kadiri, na baada ya juma moja uhesabu zilizochipua. Zikiwa 7, basi ili kupata miche 46 utahitaji kuatika mbegu 66. Kumbuka pia kwamba mbegu haizikwi kama maiti. Kina kinachofaa ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe, na mbegu ndogo mno kama za petunia hazifunikwi kabisa, kwa kuwa zahitaji mwanga ili ziote. Mimea mingapi imekufa katika bustani za shule kwa sababu mtu aliidhani mbegu ya ua ni mbegu ya mahindi?

Wakati nao ni sehemu ya mpango. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mvua za masika huanza mwezi wa Machi au Aprili. Basi marigoldi ziatikwe kitaluni mwishoni mwa Februari, zikae chini ya kivuli chepesi, na zipandikizwe mvua zinapoanza. Zinia, kosmosi na alizeti hazipendi kuhamishwahamishwa. Afadhali zipandwe moja kwa moja tutani. Marigoldi na zinia huota kwa muda wa siku 5 hadi 7 hivi, na huchukua majuma 8 hadi 10 kuchanua. Likizo ya Aprili itakapofika, mvua itakuwa ndiyo mnyweshaji. Wanafunzi wakirejea kwa muhula wa pili, watakuta marigoldi zimefunga matumba, na zinia zitafuata mwezi wa Juni. Shule zilizoko mahali ambapo mvua hufuata majira mengine zitabadilisha miezi, lakini kanuni ni ile ile: mbegu huisubiri mvua, mvua haiisubiri mbegu.

Najua wapo watakaoniuliza: mtoto aliyekuja shuleni na njaa ana haja gani na ua? Swali hili ni la haki, na sitalikwepa. Shule isiyokuwa na maji ya kunywa isipande maua kabla ya kuwa na maji ya kunywa. Shule yenye maji machache ichague kosmosi, ambazo huvumilia udongo hafifu na ukavu, na iridhike na tuta moja. Lakini tusidhani kwamba ua na chakula ni mahasimu. Mmea wa boga huwa na maua ya kiume na ya kike yaliyotengana, na pasipokuwa na nyuki wa kupeleka chavua, boga halitungi. Alizeti, kosmosi na zinia huwaita nyuki hao. Aliye na tuta la maua kando ya shamba la maboga hajapoteza ardhi. Ameajiri wafanyakazi wasiodai mshahara.

Isitoshe, liko jambo ambalo wanafunzi wetu wanastahili kulijua. Zinia, kosmosi na marigoldi asili yake ni Mexico na nchi za jirani, na zimetufikia kwa sababu watu waliziokota mbegu zake, wakazithamini, wakazieneza. Kwetu pia yapo maua ya namna hiyo. Mwaka wa 1892, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika milima ya Usambara ua dogo la rangi ya urujuani, akalipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo hupambia madirisha Ulaya na Marekani, ilhali wengi wa watoto wa Afrika Mashariki hawalijui. Halikufichwa, lilikuwa papo hapo miguuni petu. Tulilolikosa ni mazoea ya kuinama na kutazama.

Mwisho wa bustani ndio mwanzo wake. Maua yakikauka mwezi wa Julai na Agosti, yasikatwe na kutupwa jalalani. Yaachwe yakauke barabara juu ya mashina, kisha wanafunzi wazipukuchue mbegu, wazianike kivulini, wazitie katika bahasha za karatasi, na kuandika juu yake jina la ua, rangi na tarehe. Mwalimu wa Sayansi awaonye kwamba mbegu za machotara zilizonunuliwa dukani huenda zisizae maua yanayofanana na mama yao. Na hapo somo la urithi litakuwa limejifundisha lenyewe, mbele ya macho yao, mwaka utakaofuata.

Nawasihi walimu wakuu, kwa hiyo, waiondoe bustani katika orodha ya adhabu. Aliyechelewa na atafutiwe rekebisho jingine. Kazi ya bustani ipewe wale waliojitahidi, nao wengine waione kuwa ni heshima. Nanyi wanafunzi, msingoje kuamriwa. Pakiti moja ya mbegu haigharimu zaidi ya vitu vingi mnavyonunua na kusahau siku hiyo hiyo.

Mimi nilijifunza kuutambua mche wa zinia nikiwa mtu mzima, tena mwalimu, nilipoinama pamoja na watoto wa darasa langu juu ya tuta tulilolipanda sote. Msichana mmoja mdogo alinizuia mkono nilipotaka kung'oa kijani fulani. "Mwalimu, hilo si gugu," aliniambia. "Hilo nimelipanda mimi." Nikautoa mkono wangu pale, nikamshukuru.