Neno la Siri Tuliweke Wapi?

Wenzetu wengi wa Kudhaa walio kazini Kismayu au Mombasa hawana kompyuta yao wenyewe. Maombi ya kazi, picha ya kitambulisho, salamu za jamaa walio ng'ambo, yote hufunguliwa kwenye kompyuta ya duka la intaneti au simu ya kushirikiana. Ukishaandika neno lako la siri, kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa kama Chrome au Firefox, huuliza: nikuhifadhie? Wengi hubonyeza ndiyo ili wamalize upesi.

Hapo ndipo penye hatari. Kivinjari hakitambui nani amekaa kitini. Atakayekuja baada yako huenda akajaziwa neno lako, akaingia katika barua zako kana kwamba ni wewe.

Lakini tusikilaumu bure. Simu ikiwa yako peke yako na ina kufuli, kuhifadhi ndani ya kivinjari kunafaa. Ni afadhali kuliko kutumia neno moja kila mahali, mazoea ambayo hata sisi tulikuwa nayo.

Njia ya pili ni programu maalumu. KeePass, iliyotoka mwaka 2003, ni ya bure. Maneno yote hukaa katika faili moja lililofungwa kwa neno kuu, mfano wa kasha lenye ufunguo mmoja. Faili unalo mwenyewe, wala huhitaji intaneti kulifungua, jambo kubwa kwa mtu wa visiwani. Ila simu ikizama baharini na hukuweka nakala kwingine, limekwenda nayo. Bitwarden, ya mwaka 2016, huyafunga maneno kwanza, kisha huyatunza kwenye mitambo ya mbali; simu ikipotea, utayapata kwa simu nyingine.

Ukisahau neno kuu, usitegemee ofisi ya kukufungulia. Tena mwaka 2022 wezi walinakili makasha ya wateja wa LastPass, na wenye neno kuu dhaifu ndio waliokuwa hatarini zaidi. Basi liwe refu, maneno matano yasiyohusiana, si jina la mtoto wala la mashua.

Kwa mwenye kushirikiana simu, shauri letu ni programu maalumu, aifunge kila amalizapo. Dukani jibu hapana, na utoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Neno kuu usiliandike kamwe kwenye kompyuta ya watu. Likinaswa, kasha zima limefunguka. Namba ya siri ya EVC Plus au M-Pesa ibaki kichwani.