Mwili hupanda polepole kuliko gari

Kila mwisho wa juma, alfajiri kabla ya jua kuchomoza, makundi ya watu hukusanyika kando ya barabara kuu ya Thika kungoja matatu ya kukodi. Pale Kimbo, Ruiru, utawatambua kwa kofia zao, fimbo zao na mikoba ya mgongoni. Hawaendi kazini wala mazishini. Ni wanachama wa vyama vya kupanda milima: makarani, walimu, wenye maduka, wafanyakazi wa viwandani na vijana wa chuo, waliochanga nauli ili wakapande Kilimambogo, Ngong, Longonot au Nyandarua na kurudi nyumbani jioni.

Mchezo huu si mgeni nchini. Mountain Club of Kenya imekuwapo tangu 1949, ingawa kwa miaka mingi wananchi wengi waliona kwamba kupanda mlima bila shughuli ni kazi ya watalii. Siku hizi mambo yamebadilika, nami kama daktari nimefurahi. Hata hivyo, msomaji mpendwa, kupanda mlima ni kama dawa nyingine yoyote: kuna kipimo chake. Gari laweza kukutoa Kimbo hadi msitu wa Nyandarua kwa saa chache, lakini moyo, mapafu na damu yako huhitaji siku kadhaa kuizoea safari hiyo. Asiyelifahamu jambo hili aweza kuitafuta afya mlimani akarudi amebebwa.

FAIDA ZAKE

Tuanze na mazuri. Uchunguzi uliofanywa nchini 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya robo walikuwa na uzani uliopita kiasi. Sababu si ngumu kuiona. Mtu wa mtaa kama Kimbo aweza kuketi kwenye matatu asubuhi, akaketi ofisini au dukani mchana kutwa, akaketi tena kwenye matatu jioni, kisha akaketi mbele ya televisheni hadi wakati wa kulala.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mnamo 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kutembea kwa haraka ni mojawapo ya mazoezi hayo. Mazoezi ya namna hii huimarisha moyo, husaidia kupunguza shinikizo la damu na sukari mwilini, huleta usingizi mzuri na hupunguza mahangaiko ya moyoni.

Safari moja ya mlima kwa mwezi haitoshi kuleta faida hizi zote. Lakini ina jambo ambalo dawa ya chupa haina: inakupa sababu ya kutembea siku zile nyingine. Anayejua kwamba atapanda Longonot mwisho wa mwezi hushuka matatu steji moja kabla ya kwake na kumaliza njia kwa miguu. Aidha, aliye na wenzake wanaomngojea alfajiri haoni rahisi kujifunika blanketi tena.

GOROGORO YA HEWA

Sasa tuangalie kinachotokea mwilini unapopanda. Kimbo iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Elephant Hill katika milima ya Nyandarua, ambacho vyama vingi hukipenda, kiko zaidi ya mita 3,500. Point Lenana katika Mlima Kenya, ambako marehemu Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu Desemba 1963, iko mita 4,985.

Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Fikiria gorogoro ya kupimia mahindi sokoni. Chukulia kwamba kila pumzi unayovuta Mombasa ni gorogoro iliyojaa oksijeni. Ukiwa Kimbo, pumzi hiyo hiyo inajaa kama sehemu tano kati ya sita. Juu ya Elephant Hill inajaa karibu theluthi mbili. Point Lenana inapita nusu kidogo tu. Kifua ni kile kile na pumzi ni ile ile, lakini unachopata ndani yake ni kidogo.

Mwili hujitetea. Hupumua kwa kasi zaidi, moyo hupiga mbio, na baada ya siku kadhaa damu nayo huanza kubadilika. Mtu akipanda haraka kuliko mwili unavyoweza kujirekebisha, hasa kupita mita 2,500, aweza kupatwa na maradhi ya mlimani. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida na usingizi wa mang'amung'amu. Aghalabu huanza saa kadhaa baada ya kufika juu, na ndiyo maana wanaolala mlimani huugua zaidi kuliko wanaopanda na kushuka siku hiyo hiyo.

Usidhani kwamba nguvu za ujana ni kinga. Kijana mcheza kandanda aweza kuugua ilhali mama wa miaka 55 anayetembea taratibu akabaki mzima. Tena, mara nyingi kijana ndiye huugua kwa sababu ndiye aliyekimbia.

Kuna dalili mbili za hatari ambazo kila mwanachama hana budi kuzijua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mgonjwa huchanganyikiwa, huongea ovyo au huyumba kama mlevi. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Asipoweza, hiyo ni hatari kubwa. Ya pili ni maji kuingia mapafuni: mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa ameketi, hukohoa, na baadaye aweza kutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Katika hali zote mbili tiba ya kwanza ni moja: ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni usiku, akiwa na wenzake. Oksijeni ikiwapo apewe. Kungoja kupambazuke kwaweza kugharimu uhai.

Kwa wanaolala juu, kanuni ni hii: ukipita mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Sasa angalia njia ya Sirimon ya Mlima Kenya. Kambi ya Old Moses iko karibu mita 3,300 na ile ya Shipton iko karibu mita 4,200. Ukitoka moja hadi nyingine kwa siku moja umepanda mita 900. Si ajabu basi kwamba wengi hufika Shipton wakishika vichwa. Siku moja zaidi ya kulala Old Moses huongeza gharama, lakini ni siku iliyolipiwa vizuri.

Iko dawa iitwayo asetazolamaidi ambayo husaidia mwili kuzoea. Muulize daktari wako kwanza, kwa maana haimfai kila mtu. Pombe na dawa za usingizi ziache nyumbani. Dawa ya kutuliza kichwa si mbaya, mradi usiitumie kujidanganya ili uendelee kupanda ukiwa mgonjwa.

BARIDI NA GIZA

Anayepanda na kurudi siku moja ana adui mwingine: baridi. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kukiwa na nyuzi 24 Kimbo, tarajia kama nyuzi 11 juu ya Elephant Hill. Ongeza mvua, upepo na nguo zilizolowa jasho ulipokuwa ukipita kwenye mianzi, na mwili utapoteza joto upesi kuliko unavyoweza kulitengeneza.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huwa hatarini. Mwanzo hutetemeka. Kisha hujikwaakwaa, maneno humshinda kutamka, na huwa mkaidi au mzito wa kujibu. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, usifurahi, hali imezidi. Mkingeni na upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu pamoja na kofia, na kama yu macho na aweza kumeza, mpeni chai yenye sukari nyingi. Msimpe pombe. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba hazifai huko juu, kwa sababu zikilowa hukaa na maji muda mrefu. Sweta ya sufu na koti la mvua ni bora, na seti kavu ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwetu jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Hivyo basi kubalianeni saa ya kugeuka kabla hamjaondoka, tuseme saa saba mchana, na saa hiyo ikifika mgeuke hata kama kilele kinaonekana. Chama kitembee kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, na mtu mzoefu awe wa mwisho. Anayeachwa peke yake ndiye anayepotea, na ndiye ambaye hakuna atakayeona kwamba ameanza kuyumba.

Hekima ya kugeuka si ya milima mirefu tu. Katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, watu saba walisombwa na maji wakafa Aprili 2012, na wengine saba wakafa vivyo hivyo Septemba 2019. Maji ya mvua hukusanyika na kuteremka korongoni kwa ghafla, na mvua yenyewe yaweza kuwa imenyesha mbali. Mawingu yakianza kujikusanya, tokeni.

PANDA KWA NGAZI

Kwa mkazi wa Kimbo ninayeanza naye leo, ningeshauri mpango wa namna hii. Kwa wiki sita za mwanzo, tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Mara mbili kwa wiki panda ngazi za ploti unamokaa, au za daraja la wapita njia juu ya barabara ya Thika, ukiwa na mkoba wenye chupa mbili za maji.

Kisha nenda Kilimambogo, yaani Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 ulio jirani na Thika. Kuna barabara hadi kileleni, lakini msiende bila askari wa mbuga, kwa kuwa jina Kilimambogo halikutolewa bure: nyati wapo. Baada yake fuata vilima vya Ngong, mita 2,460, halafu Longonot, mita 2,776, ambako kitakachokusumbua ni jua, vumbi na ukosefu wa maji. Ukizimaliza hizo bila taabu, ndipo ufikirie Nyandarua. Mlima Kenya uwe wa mwisho.

Kunywa maji kila unapohisi kiu, wala usijilazimishe kupita kiasi, kwani maji mengi mno bila chumvi nayo hudhuru. Beba viazi vitamu, ndizi, njugu na mayai, ule kidogo kidogo njiani. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, na usivae viatu vipya siku ya safari. Malengelenge yamewageuza wengi. Suruali ndefu itakukinga na thabai.

WANAOPASWA KUMWONA DAKTARI

Ukiwa na ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kisukari, pumu, kifafa au mimba, pata ushauri kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini hupungukiwa na sukari akitembea sana, kwa hiyo abebe glukosi na amwambie mwenzake. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta ndani ya gari. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, asiende kwenye milima mirefu bila idhini ya daktari wake, maana upungufu wa oksijeni na baridi vyaweza kumletea maumivu makali na madhara makubwa. Aliyetoka kuugua nimonia au malaria angoje apone kabisa. Ukihisi kifua kinabana, acha kupanda papo hapo.

Na kabla hujatoa nauli, kiulize chama chako mambo matano. Nani anaongoza, na amewahi kupita njia hiyo? Nani anatembea nyuma? Mnageuka saa ngapi? Nani amebeba sanduku la huduma ya kwanza? Mtu akiugua, nani atashuka naye, na gari litakuwa wapi? Wekeni pia nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, na mwache majina yenu pamoja na saa ya kurudi kwa mtu aliyebaki nyumbani.

Kiongozi akikosa majibu, ahirisha. Akikuambia kwamba hakuna kurudi hadi kileleni, tafuta chama kingine. Mlima hauhami, utaukuta pale pale mwezi ujao, mradi wewe uwepo wa kuupanda.